Wenye maboti, tuache kununua injini kwa sifa

NAANDIKA makala haya zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kikao cha ushirika wetu hapa Rumonge. Ajenda ni moja tu. Boti letu la pili, ambalo mwili wake bado ni mzima na mbao zake ukizigonga zinalia vizuri, limekaa mchangani tangu injini yake ilipokufa, na sasa fedha za kununua injini nyingine zimepatikana. Fedha hizo zimetoka kwa watu kumi na wanne. Wengi wao ni warejeaji kama mimi, wawili ni wajane, na mmoja aliuza ng'ombe wake wawili ili atimize mchango. Kwa hiyo si fedha za kuchezea.

Nimeona nitoe maoni yangu gazetini badala ya kuyaweka mpaka siku ya kikao, kwa sababu jambo hili halituhusu sisi peke yetu. Ukizunguka Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac, Kigoma, Kalemie, Baraka na Uvira, utakuta maboti ya mbao yamelala ubavu yakisubiri injini, na utakuta watu waliofilisika si kwa kukosa injini, bali kwa kununua injini isiyofaa. Wafanyabiashara wa mpakani wanaosoma gazeti hili wanajua ninachokisema, maana mizigo yao ndiyo inayolala humo.

Maoni yangu ni haya. Injini ya kuaminika katika ziwa letu si ile yenye nguvu nyingi, wala si ile mpya kuliko zote, wala si ile ya bei ndogo. Ni ile ambayo ikiharibika jioni, fundi wa mwaloni kwetu anaweza kuifungua asubuhi, na kifaa kinachotakiwa kikapatikana kabla mtu hajafilisika. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza mwalimu anajua nini kuhusu injini za maboti. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kueleza tulikotoka.

Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, ambako wazazi wangu walifika baada ya kuikimbia Burundi mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma huko kwa Kiswahili, na sekondari nikasoma Mpanda. Tulirejea Burundi mwaka 2009, mimi nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nisiyejua Kifaransa, na Kirundi changu kikiwa kimechanganyika na Kiswahili kiasi kwamba sokoni watu walituita "Watanzania". Shamba la michikichi la babu yangu tulilikuta lina watu wengine, nao walikuwa na watoto kama sisi. Kesi ilichukua miaka, mwisho tukagawana. Nusu ya shamba haikutosha familia tatu, ndipo tukageuza macho kulitazama ziwa.

Mwaka 2014 tulikuwa watu tisa. Tulinunua boti la mbao la mita 12, lenye uwezo wa kubeba tani kumi, halina injini. Tulipokaa kuamua injini, mzee mmoja kati yetu ambaye kule Mishamo alikuwa akitengeneza mashine za kusaga alituambia: "Wanangu, boti hili linataka injini ya kutembea, si ya kukimbia." Tulimcheka. Na mimi, mwalimu wa hesabu na fizikia, nilicheka pamoja na wenzangu.

Tukanunua injini ya lori iliyotumika, silinda sita, ambayo muuzaji alituapia kuwa ina nguvu za farasi 160. Tuliifunga na giaboksi yake ile ile ya lori. Leo nakiri mbele ya wasomaji kwamba sababu hasa haikuwa mzigo. Tulitaka watu wa mwaloni wasikie mlio wetu kabla hawajatuona. Tulitaka waseme kwamba hawa waliorudi hawakurudi mikono mitupu. Injini ile tuliinunua kwa sifa, na sifa haina spea.

Injini ilikunywa mafuta tangu siku ya kwanza, lakini ilikwenda. Mshale wa kupima joto ulikufa mwaka wa kwanza, tukauzoea ukiwa umekufa. Kisha ukafika mwezi Juni mwaka 2017. Tulitoka Kigoma jioni tukielekea Rumonge na watu 23, magunia ya chumvi, sabuni, unga na vyombo vya plastiki. Upepo wa kusini, ule unaovuma kwa nguvu miezi ya kiangazi, ulikuwa umeamka. Yapata saa saba usiku, tukiwa tumeipita Kagunga, mfuko wa plastiki uliziba tundu la kuingizia maji ya kupoza injini. Hakuna aliyejua, maana mshale ulikuwa umekufa. Tulichosikia ni injini kubadili sauti, tukanusa moshi, kisha kukawa kimya. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Wasiolijua ziwa letu husema kwamba injini ikizima unashusha nanga. Nanga ya wapi? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, na katika sehemu nyingi kina kinaanza karibu sana na ukingo, kwa kuwa milima inashuka moja kwa moja mpaka majini. Kamba yetu ilikuwa ya mita 60. Tuliishusha ikaisha yote, nanga ikaning'inia. Boti liligeuka ubavu likaanza kupigwa na mawimbi, na nahodha akaamuru mzigo utupwe.

Magunia yaliyotupwa kwanza yalikuwa ya mama mmoja wa Nyanza-Lac, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa juu. Magunia 30 ya chumvi, na chumvi hiyo aliichukua kwa mkopo. Hakulia wala hakupiga kelele. Alishika ukingo wa boti akahesabu kila gunia lililokwenda majini, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alfajiri wavuvi wa dagaa walituona, wakatuvuta hadi ufukweni. Hakufa mtu, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini mama yule mtaji wake uliishia pale. Deni lake tulilipa nusu kwa muda wa miaka mitatu, nusu nyingine alilipa mwenyewe kwa kuuza alichokuwa nacho. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, "Mwalimu, hujambo?" Salamu hiyo inaniumiza kuliko matusi.

Gasketi ya injini ile haikuwepo Kigoma wala Bujumbura. Tuliagiza Dar es Salaam, ikaja isiyo yenyewe. Tukaagiza tena. Wiki kumi na moja zilipita boti likiwa juu ya mchanga, mbao zikakauka, kalafati ikaachia, na hata injini ilipopona ilibidi kwanza tuwalipe mafundi wa mbao. Hapo ndipo mwalimu wa fizikia alipochukua chaki akakaa chini kufanya hesabu ambayo alipaswa kuifanya mwaka 2014.

Hesabu hiyo si ngumu, na kila mwenye boti anaweza kuifanya. Boti la mizigo halipandi juu ya maji kama zile boti nyepesi za watalii. Linayapasua maji na kusukuma wimbi lake lenyewe, na wimbi hilo ndilo linaloliwekea mpaka wa mwendo. Kwa boti ambalo urefu wake ndani ya maji ni mita 12, mpaka huo ni kama kilomita 15 au 16 kwa saa. Ukilifunga injini ya farasi 160 au 300, litachimba shimo nyuma na kuinua pua mbele, lakini mpaka wake utakuwa pale pale. Nguvu inayozidi inageuka kuwa povu, moshi na gharama.

Kanuni inayotumiwa na wengi kwa maboti ya namna hii ni farasi watatu hadi watano kwa kila tani ya boti pamoja na mzigo wake. Boti letu lina uzito wa tani kama sita likiwa tupu, ongeza tani kumi za mzigo, jumla tani 16. Kwa hiyo linataka farasi 48 hadi 80. Tukumbuke pia kwamba ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na injini isiyo na taabo hupoteza kama asilimia saba au nane ya nguvu zake. Injini ya farasi 80 kwa hiyo inatosha, tena inabaki akiba ya kupambana na upepo. Sisi tulifunga ya 160.

Sasa tuangalie mafuta, maana hapo ndipo mfanyabiashara anapoumia kila safari. Kutoka Kigoma hadi Rumonge kwa njia ya maji ni kama kilomita 100. Tuseme boti linakwenda kilomita 12 kwa saa likitumia farasi 40. Injini ya dizeli inatumia takriban lita tisa kwa saa kwa kazi hiyo, na safari inachukua saa nane na dakika 20. Jumla ni lita 75. Ukitaka kwenda kilomita 14 kwa saa, nguvu inayotakiwa haiongezeki kidogo kama mwendo ulivyoongezeka. Inapanda hadi farasi 63 hivi, na pengine zaidi, kwa sababu maji yanazidi kukataa kadiri unavyoyasukuma. Mafuta yanakuwa lita 14 kwa saa, safari inachukua saa saba na dakika chache, jumla lita 100. Umelipa lita 25 ili ufike saa moja na robo mapema. Na ukifika mapema hivyo kabla ya alfajiri, unakuta wapakuaji bado wamelala.

Wapo watakaosema tufunge injini za petroli za nyuma, zile za teksi za majini, kwa kuwa ni nyepesi na kila kijana anazifahamu. Kwa kubeba abiria wachache kwenda vijiji vya karibu sina ubishi. Lakini kwa tani kumi za mzigo, injini ya petroli ya mtindo wa zamani inayochanganyiwa oili hutumia karibu mara mbili ya mafuta ya dizeli kwa kazi ile ile, na mvuke wa petroli ndani ya boti lenye abiria wanaovuta sigara ni hatari nyingine. Dizeli, au mazutu kama wengine tunavyoiita, haishiki moto kirahisi namna hiyo.

Baada ya kujua ukubwa, swali linalofuata ni aina. Sokoni kuna njia tatu. Ya kwanza ni injini ndogo za Kichina za silinda moja, ndugu wa zile zinazozungusha mashine za kusaga. Ile inayojulikana kama S195 ina nguvu za farasi kama 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Watu huzidharau, lakini kwa boti dogo la tani mbili au tatu ni chaguo la busara, kwa sababu kila soko lenye mashine ya kusaga lina spea zake na kila kijiji kina fundi wake. Ya pili ni injini zilizotumika za malori na matrekta. Ya tatu ni injini mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya majini, ambazo huja na giaboksi yake. Hizi za tatu ni bora, sikatai, lakini bei yake ni ya dola, na tangu faranga ya Burundi iliposhushwa thamani mwezi Mei mwaka 2023, wengi wetu tunaziona kwenye picha tu.

Kwa hiyo wengi tutabaki na njia ya pili, na humo ndimo mtu anapoweza kupona au kuangamia. Mwaka 2018 tulifuata ushauri wa yule mzee. Tuliuza silinda sita yetu kwa mtu wa mashine ya kukamua mawese, tukanunua Perkins ya silinda nne, ile 4.236 ambayo ilifungwa katika matrekta mengi ya Massey Ferguson. Ina ujazo wa karibu lita 3.9 na nguvu za farasi kama 80, pampu yake ni ya chuma tupu isiyo na umeme, na mafundi wa matrekta wanaijua kama wanavyoijua sala. Tunaiendesha kwa mizunguko 1,800, haituchoshi nasi hatuichoshi. Tangu hapo imesimama mara mbili tu majini, na mara zote mbili nahodha aliiwasha mwenyewe baada ya kubadilisha filta na kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta.

Boti la pili tulilinunua mwaka 2020 likiwa na injini yake, ya kisasa, ambayo nozeli zake zinaongozwa na kompyuta. Ilikuwa inatumia mafuta kidogo na haina kelele, tukafurahi. Kisha ikaja miaka ya 2021 na 2022, mafuta yakaanza kuwa ya kupigania nchini Burundi, na tukalazimika kununua mafuta ya madumu popote yalipopatikana. Dumu lina maji, lina mchanga, wakati mwingine lina mafuta ya taa. Pampu ya zamani inavumilia kidogo. Ile ya kompyuta haikuvumilia. Nozeli nne zilikufa pamoja, na hapakuwa na mtu kati ya Rumonge na Kigoma mwenye kifaa cha kuisoma ile kompyuta. Sisemi kwamba teknolojia mpya ni mbaya. Nasema injini ichaguliwe kwa kuangalia mafuta utakayoyapata, si mafuta unayoyatamani.

Kuna mambo mengine matatu ambayo wanunuzi huyasahau kwa kuwa macho yao yote yako kwenye injini. La kwanza ni giaboksi. Ya lori haikutengenezwa kubeba msukumo wa propela unaorudi nyuma kupitia shafti, hivyo beringi zake hufa mapema. Tafuta giaboksi ya majini inayopunguza mizunguko mara mbili au tatu, ili propela iwe kubwa na izunguke polepole. Propela kubwa ya polepole inasukuma mzigo vizuri kuliko ndogo ya haraka. Na kama boti likiwa na mzigo injini haifiki mizunguko yake huku ikitoa moshi mweusi, usimlaumu fundi wa pampu, propela imezidi.

La pili ni kupoza. Ziwa letu halina chumvi ya kula chuma kama bahari, na hiyo ni neema. Lakini lina majani, mchanga na mifuko ya plastiki. Weka chujio kwenye tundu la maji, au bora zaidi, pitisha mabomba kando ya mkuku ili maji ya injini yazunguke ndani yake na kupozwa na ziwa bila kuchanganyika nalo. Usikubali fundi atoe themostati akisema inasumbua. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inaharibika polepole kama ile inayochemka inavyoharibika haraka. Na king'ora cha joto, ndugu zangu, ni kitu cha bei ndogo mno. Magunia 30 ya chumvi yalizama kwa kukosa king'ora.

La tatu ni mafuta. Filta mbili, ya kwanza ikiwa na kikombe cha kutenganisha maji, na kikombe hicho kimwagwe kila asubuhi. Oili ibadilishwe kila baada ya saa 200 hivi, nahodha akiandika saa hizo kwenye daftari. Boti linalofanya safari mbili za saa nane kwenda na kurudi kila wiki linamaliza saa 200 kwa muda wa miezi isiyozidi miwili. Wangapi kati yetu tunabadilisha oili mara sita kwa mwaka?

Siku ya kununua injini iliyotumika, fika kwa muuzaji bila kumwambia saa. Weka kiganja juu ya injini kabla ya salamu kwisha. Ukiikuta ina joto, jua imewashwa kabla yako ili ikuwakie kwa urahisi. Subiri ipoe. Ikiwaka ikiwa baridi, angalia moshi. Mweupe kidogo unaoondoka si kitu. Mweupe usiokoma ni maji au mafuta yasiyoungua, na wa buluu ni oili inayoungua, maana yake ringi au silinda zimechoka. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, ukiona inapuliza moshi kama chungu, ondoka. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa na rangi ya maziwa, ondoka haraka zaidi. Kisha kabla ya kutoa fedha, nenda maduka matatu ya spea uulize gasketi, ringi na nozeli za injini hiyo. Maduka matatu yakisema "tutaagiza", basi hapo umekwishajibiwa.

Yapo malalamiko ya haki kutoka kwa vijana wa ushirika wetu. Wao wanataka tena silinda sita. Wanasema abiria wanapenda boti la haraka, na kwamba mwenye boti la polepole ataachwa na wateja. Wanasema pia kwamba injini kubwa ikiendeshwa taratibu hudumu. Hoja hii ya mwisho ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana sisemi tununue ya farasi 40. Tununue ya 80 tutumie 40. Lakini kuhusu wateja, nimewaangalia akina mama wa dagaa na mawese kwa miaka kumi sasa. Mwezi wa kwanza wanapanda boti lenye mlio. Mwezi wa sita wanapanda boti linalofika. Mfanyabiashara wa mpakani anaishi kwa siku za soko, na boti lililokosa soko moja limemla faida ya masoko matatu.

Ombi langu kubwa kwa wenye maboti wa pande zote za ziwa ni kwamba tukubaliane kununua injini za jamii moja. Leo katika mwalo mmoja unakuta maboti manane na injini za aina nane. Kila mmoja anaweka gasketi yake chini ya kitanda, au haweki kabisa. Tukiwa na aina mbili tu, moja ya maboti makubwa na moja ya madogo, ushirika unaweza kuweka sanduku moja la spea: gasketi, nozeli, filta, mikanda, pampu ya maji. Kijana mmoja akifundishwa, amefundishwa kwa ajili ya maboti yote. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba za aina nane hazijazi kitu.

Na wakaguzi wa bandari nao wasiishie kuhesabu makoti ya kuokolea, ingawa hilo ni jema. Waulize mshale wa joto unafanya kazi? Chujio la maji liko wapi? Daftari la oili liko wapi? Maswali hayo hayagharimu serikali yoyote hata senti.

Wapo wanaoniambia kwamba boti likishakufa injini bora kuliuza kuni. Hao nawakumbusha MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa vita, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka mashine grisi nene. Iliopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Katika miaka ya 1970 mashine yake ya mvuke iliondolewa ikafungwa dizeli. Na meli hiyo hiyo, mwezi Mei mwaka 2015, ndiyo iliyowachukua maelfu ya Warundi waliokuwa wamekwama Kagunga ikawapeleka Kigoma. Baadhi yao wamekwisharejea na wanasoma makala haya. Mwili ukitunzwa, injini hubadilishwa. Nami naona hata waliozamisha meli kwa makusudi walijali mashine yake kuliko sisi tunavyozijali za kwetu zinazotulisha.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi tuliotoka Mishamo, Katumba na Ulyankulu tumezunguka kweli kweli, na sasa tumerudi. Hatuna tena haja ya kumwonyesha mtu kwamba hatukurudi mikono mitupu. Kinachotakiwa ni boti liondoke siku iliyosemwa na lifike siku iliyosemwa.

Kikao chetu ni Jumapili. Yule mzee wa mashine za kusaga alifariki mwaka 2021, hatakuwepo kupiga kura. Nimeomba jambo moja liingizwe kwenye ajenda kabla ya kura: mama yule wa Nyanza-Lac aalikwe, aketi mbele, na kila anayependekeza injini amweleze yeye kwa nini.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa hesabu na fizikia, Rumonge, Burundi.